Kwa Nini Chombo Huzimika Majini?

Somo kwa wenye pikipiki za magurudumu manne, na kwa wenye bodaboda pia

Wasomaji wetu wengi wamepata kuiona pikipiki ile ya magurudumu manne mapana, ambayo mpandaji huikalia kama apandavyo punda, akaishika mikono ya usukani kushoto na kulia. Huonekana katika mashamba ya mifugo, katika hifadhi za wanyama, na pwani ambako wageni huikodi ili kutembea mchangani. Wengi huiita kwadi. Si chombo cha siku nyingi sana. Kampuni ya Honda ya Japani ilianza kuuza cha magurudumu matatu huko Marekani mwaka 1970, na Suzuki, ya nchi ile ile, ikatoa cha magurudumu manne mwaka 1982. Kilifanywa ili kipite pasipo barabara, yaani katika mchanga, matope, mawe na vijito. Walakini ni katika vijito ndimo kinamowaaibisha wenyewe mara nyingi. Huingia mtoni kikinguruma, hufika katikati, hukohoa, kisha hunyamaza.

Somo letu la leo si la kumfanya kila msomaji kuwa fundi. Twataka tu kumfundisha mwenye chombo kuitambua sababu kwa namna chombo kilivyozimika, kabla hajagusa kitu chochote. Mwenye bodaboda ya magurudumu mawili naye asiuruke ukurasa huu, maana injini yake ni ndugu na hii, na mambo mengi tutakayoyasema yamhusu yeye pia.

Namkumbuka fundi mmoja mzee, ambaye kibanda chake kilikuwa chini ya mgunga, karibu na kivuko cha mto wa mchanga katika nchi ya Ukambani. Siku moja kijana alifika akikisukuma chombo chake, maji yakichuruzika kila upande.

“Shikamoo, mzee. Kimekufa. Naomba ukitazame, nina haraka.”

“Marahaba, mwanangu,” akaitika mzee, wala hakuinuka kitini. “Kilikufaje?”

“Kilikufa majini.”

“Sikuulizi kilifia wapi, nakuuliza kilikufaje. Kilinyamaza ghafula kama mtu aliyepigwa rungu? Au kilikohoa kwanza kama mgonjwa wa kifua? Au kilipungukiwa na nguvu polepole kama taa iliyoishiwa mafuta?”

Kijana akafikiri kidogo, akasema kwamba kilipungua polepole. Mzee akauliza tena, “Na baada ya kufa, ulibonyeza stata mara ngapi?” Hapo aliinuka kitini, maana jibu la swali hilo ndilo alilokuwa akiliogopa. Kwa nini aliliogopa, msomaji ataona sasa hivi.

KILICHONYAMAZA GHAFULA

Injini ya petroli yahitaji vitu vitatu: petroli, hewa na cheche ya umeme, kila kimoja kwa kadiri yake na kwa wakati wake. Maji yaweza kukiondoa chochote katika hivyo vitatu, na kila kimoja kiondokapo injini hufa kwa namna yake. Lakini liko jambo moja lililo baya kuliko kukosa, nalo ni maji kuingia ndani ya silinda yenyewe.

Twaa pampu ya baiskeli. Ziba mdomo wake kwa kidole, kisha sukuma mpini. Utaona kwamba mpini waingia, ingawa kwa shida, kwa sababu hewa iliyomo ndani hukubali kushindiliwa. Sasa ijaze pampu ile maji, ziba tena, ukasukume kwa nguvu zako zote. Mpini hauendi hata unene wa ukucha, maana maji hayashindiliki. Ndivyo ilivyo ndani ya injini. Pistoni inapopanda hushindilia hewa iliyochanganyika na petroli hata ikabaki kama sehemu moja katika tisa au kumi ya nafasi iliyokuwa nayo kwanza. Ikiwa mahali pa hewa pameingia maji, pistoni hufika nusu ya njia ikasimama kama iliyogonga ukuta. Lakini ule mkono wa chuma unaoiunga pistoni na mtaimbo wa chini bado unasukumwa kwa nguvu za mwendo wote, na chuma kisichoweza kwenda mbele wala kurudi nyuma hupinda. Mara nyingine huvunjika, kikatoboa ubavu wa injini.

Hii ndiyo hasara kubwa kuliko zote. Na mara nyingi si mto unaoileta, bali ni mwenye chombo. Injini iliyokuwa ikienda polepole huweza kusimama majini bila kuumia. Kisha mpandaji, kwa hofu ya kubaki mtoni, hubonyeza stata. Hubonyeza tena. Kila abonyezapo anaisukuma pistoni juu ya maji.

Basi, ikiwa chombo chako kilinyamaza ghafula, hasa kwa kishindo kizito, usiijaribu stata hata mara moja. Zima swichi, weka gia katika nyutro, ukisukume chombo hata nchi kavu. Pikipiki yenye gia za kawaida isivutwe hali imo katika gia, kwa maana magurudumu yake huizungusha injini vilevile kama stata ifanyavyo. Ukiisha kufika pakavu, fungua sanduku la hewa ambamo mna chujio. Ikiwa ndani ni pakavu na chujio ni kavu, shukuru, uitafute sababu nyingine. Ikiwa mna maji, amini kwamba yamefika na ndani.

Hapo ngoja injini ipoe, kisha toa plagi. Ifunge plagi katika kofia yake, uigusishe na chuma cha injini mbali kabisa na tundu lake. Asiwepo mtu mwenye sigara karibu, wala asiwepo mtu anayechungulia tunduni, kwa sababu kitakachoruka ni maji pamoja na mvuke wa petroli. Ndipo uizungushe injini kwa kiki, au kwa stata kidogo kidogo, hata pasitoke tena tone. Mimina kijiko kimoja cha chai cha oili safi katika tundu, zungusha tena mara mbili tatu, ndipo uirudishe plagi ikiwa kavu. Safisha sanduku la hewa, na chujio likaushwe vizuri kabla ya kurudishwa.

Hata injini ikiwaka usiondoke kwa furaha. Itazame oili. Ikiwa imegeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo, na oili ya namna hiyo haiwezi kulinda chuma. Imwage, tia nyingine, washa injini dakika chache bila kuiendesha kwa nguvu, ukaimwage na hiyo. Mara nyingi yahitajiwa kufanya hivyo mara mbili au tatu, na kubadili chujio la oili mwisho. Wako watu waonao uchungu kumwaga oili mpya. Na wauone, lakini bei ya makopo matatu ya oili si kitu mbele ya bei ya injini.

KILICHOPUNGUA POLEPOLE

Turudi kwa kijana wetu. Alikuwa ameibonyeza stata mara nyingi, hata betri ikaanza kuchoka. Lakini fundi alipofungua sanduku la hewa alikuta vumbi kavu, akacheka. Kisha akauliza swali la mwisho, nalo ni kama chombo kilizimika mara tu kilipoingia majini au baada ya kitambo. Kijana akajibu kwamba kilikuwa kimekwisha kwenda vizuri muda wa kutosha kusema Baba Yetu. Mzee akapiga magoti, akapitisha mkono chini ya kabureta, akatoa kipira chembamba ambacho ncha yake ilikuwa imezibwa na tope.

Wengi wana chombo hiki miaka kadhaa wasijue kazi ya kipira hicho. Kabureta ina bakuli dogo chini yake ambamo petroli hukaa ikingoja kuvutwa na injini. Bakuli hilo halina budi kupumua. Mama yeyote atumiaye maziwa ya kopo anaijua sababu. Ukitoboa tundu moja tu, maziwa hutoka kidogo yakasita, kwa kuwa hakuna hewa ya kuingia mahali pa maziwa yaliyotoka. Ukitoboa tundu la pili, maziwa hutiririka. Kipira kile ndicho tundu la pili la bakuli la kabureta. Ikiwa ncha yake imezama majini, hewa haiingii tena kwa urahisi, petroli husita kutoka, na injini hulegea kidogo kidogo kama mtu mwenye njaa. Na pengine ule uvutaji huinua maji katika kipira badala ya hewa.

Alama zake ni hizi. Chombo chapita salama katika dimbwi fupi, lakini chazimika katika maji yafikayo karibu na mahali pa kukanyagia miguu, nacho hakifi papo hapo bali baada ya nukta kadhaa. Tena kikitolewa majini na kungojewa kidogo, huwaka kana kwamba hakuna lililotukia. Mwenye chombo hufurahi, huenda zake, na kivuko kinachofuata hukutwa na jambo lile lile. Wengi hubadili plagi, wakabadili koili, wakabadili hata betri, wasipone.

Dawa yake si ghali. Vipira hivyo huwa viwili au zaidi, na katika vyombo vingi huachwa vikining'inia chini ya injini. Fuata kila kipira kwa kidole mpaka ujue kinatoka wapi. Vile vya kupumua, vinavyotoka juu ya bakuli, viunge na vipira virefu zaidi, uvipandishe mpaka chini ya usukani, ncha zake zikitazama chini ili mvua isiingie, wala visikunjwe wala kubanwa na kiti. Kipira cha kumwagia, kinachotoka chini kabisa mwa bakuli, ni kingine. Hicho kiache mahali pake. Na usije ukadhani kwamba kuziba ni sawa na kupandisha. Yuko aliyevifunga vipira vyake kwa uzi ili maji yasiingie, akashangaa kuona chombo kikizimika hata barabarani.

Fundi wetu aliimaliza kazi hiyo kabla maji ya chai hayajachemka. Kijana alipouliza ni kiasi gani, mzee alimtajia bei ya kipira tu, kisha akaongeza ya mara saba alizobonyeza stata bila kutazama. Sijui kama alikuwa akifanya mzaha.

Tangi la petroli nalo hupumua, ama katika kifuniko chake ama kwa kipira, nalo likizibwa na tope huleta ugonjwa ule ule, ila huchukua muda mrefu zaidi. Ukifungua kifuniko ukasikia sauti ya hewa ikivutwa ndani, na injini ikawaka, umepata jibu. Vyombo vipya visivyo na kabureta, ambavyo petroli yake hupigwa kwa pampu ya umeme, havina ugonjwa wa kile kipira cha bakuli. Hivyo vikizimika majini, na sanduku la hewa ni kavu, tazama umeme kwanza.

KILICHOKOHOA

Umeme unaokwenda kwenye plagi si kama ule wa taa. Koili huuzidisha hata ukafika volti elfu nyingi, kwa sababu umeme wa nguvu ndogo hauwezi kuruka nafasi iliyo katika ncha ya plagi. Umeme wenye nguvu namna hiyo hutafuta njia iliyo rahisi. Maji machafu ya mtoni yakipata ufa katika waya, au yakiingia chini ya kofia ya plagi, huupa njia ya mkato ya kwenda kwenye chuma, na plagi hukosa cheche. Injini hukohoa, hupiga mlio kama wa bunduki katika bomba la moshi, hushika tena, hukohoa tena, kisha hufa. Mara nyingi haihitaji hata mto. Mvua kubwa au kuoshwa kwa maji ya nguvu kwatosha.

Iko njia nzuri ya kuutafuta ufa huo. Ngoja usiku, uwashe injini nje penye hewa, si ndani ya nyumba, maana moshi wake huua. Kisha uinyunyizie maji safi kidogo kidogo kwa chupa ya kunyunyizia, juu ya waya, kofia na koili. Usizishike kwa mkono. Penye ufa utaona vicheche vya rangi ya buluu vikirukaruka gizani, na injini itaanza kukohoa pale pale. Mchana vicheche hivyo havionekani, na ndiyo sababu watu wengi huapa kwamba waya wao ni mzima.

Waya wenye ufa hubadilishwa. Ikiwa ubovu uko penye kofia tu, na kofia ni ya kufunguka, waweza kukata waya kidogo, kama milimita 5, mpaka uone shaba safi, uikaze kofia mpya. Grisi ya silikoni ikipakwa ndani ya mdomo wa mpira wa kofia huzuia maji. Grisi ya magurudumu isitumiwe hapo, kwa kuwa huoza mpira. Tazama pia shimo ambamo plagi imekaa. Injini nyingi zina tundu dogo ubavuni la kutolea maji katika shimo hilo, nalo likizibwa na matope, plagi hukaa kama mtu aliyetumbukia kisimani. Lizibue kwa waya. Baada ya hayo fungua viungo vya nyaya vilivyo chini ya kiti, na swichi ya kuzimia iliyo usukanini, uvikaushe.

Ikiwa cheche ipo, hewa ipo, na bado injini inakohoa hata siku ya pili, shuku kwamba maji yamo katika petroli. Legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, uyakinge yatokayo katika chupa nyeupe ya kioo, mbali na moto. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji hukaa chini na mpaka wao huonekana wazi. Endelea kumwaga mpaka itoke petroli tupu.

KINACHONGURUMA BILA KWENDA

Kwadi nyingi hazina gia za kubadili kwa mguu. Zinaendeshwa kwa ukanda wa mpira unaozunguka katika magurudumu mawili ya chuma, nao umefunikwa katika sanduku lake, ambalo lina bomba lake la hewa. Maji yakiingia humo ukanda huteleza. Injini yanguruma kwa nguvu, walakini chombo hakiendi. Hapa injini haina kosa, na kuongeza petroli ni kuuchoma ukanda bure. Toa kizibo kilicho chini ya sanduku hilo, maji yatoke, weka nyutro, uzungushe injini kwa kiasi hata ukanda ukauke. Kisha rudisha kizibo, uende polepole.

KABLA YA KUINGIA MTONI

Vitabu vya watengenezaji wengi husema kwamba maji yasizidi kimo cha mahali pa kukanyagia miguu. Watu huona kipimo hicho ni cha woga. Sivyo. Magurudumu ya kwadi ni mapana yenye hewa nyingi ndani, na kila lita moja ya maji inayosukumwa kando huinua uzito wa kilo moja. Kwadi yenye uzito wa kilo 300 huanza kuwa nyepesi kabla ya mpandaji kulowa magoti, na chombo kilicho chepesi hakina meno ya kuung'ata mchanga. Wako wanaopandisha bomba la hewa mpaka juu ya usukani, wakaona sasa wamekuwa samaki. Lakini bomba la juu haliuzuii mto kukibeba chombo chenyewe.

Na hapa ndipo kuzimika kwa injini kunapoacha kuwa jambo la ufundi tu. Idara ya hali ya hewa ya Marekani huwafundisha watu kwamba maji ya mafuriko yaendayo kasi, yenye kina cha sentimita 15 tu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huweza kuzichukua motokaa nyingi ndogo. Sentimita 60 huweza kuyachukua hata magari makubwa ya safari. Tena kasi ya maji ikiongezeka maradufu, nguvu ya msukumo wake huongezeka mara nne. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililokuwa limewachukua waimbaji wa kwaya na jamaa zao waliokuwa wakienda arusini lilijaribu kuuvuka mto Enziu, karibu na Mwingi katika Kaunti ya Kitui, hali maji yamefunika njia. Lilipinduka likazama, na watu zaidi ya 30 wakafa. Basi hilo lilikuwa zito kuliko kwadi ishirini zikiwekwa pamoja.

Kwa hiyo mto unaokwenda kasi usiuingie, na uliobadilika rangi ukawa mwekundu wa udongo na kubeba vijiti usiuingie, hata kama kwako jua lawaka. Mvua iliyonyesha mlimani jana huweza kuijaza laga iliyo kavu leo. Ikiwa maji yametulia na chini yake unapafahamu, shuka, uvuke kwanza kwa miguu ukipima kwa fimbo kina chake, mawe yake na mashimo yake. Nasema haya juu ya mto usio na mamba wala kiboko. Penye wanyama hao tafuta daraja, hata likiwa mbali. Na penye kichocho vaa viatu virefu vya mpira, ujikaushe upesi utokapo.

Ingia kwa gia ndogo, kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Aingiaye mbio hujirushia mwenyewe maji katika tundu la hewa. Ukiisha kuingia, shika petroli kwa kiasi kimoja, usiiache wala usibadili gia, maana moshi utokao kwa nguvu ndio unaozuia maji yasiingie katika bomba la moshi. Injini ikizimika hali bomba limezama, maji huanza kupanda humo mara moja. Basi kishushe chombo kwa utulivu, ukitoe kwa kusukuma, uanze maswali ya yule mzee. Lakini ukiona maji yanazidi kupanda, kiache, utoke wewe. Kwadi hupatikana tena chini ya mto, nayo hutengenezeka.

BAADA YA KUVUKA

Ukitoka salama, nenda polepole huku ukigusa breki kidogo kidogo mpaka zishike tena, kwa maana breki zilizolowa hazisimamishi kitu. Jioni fungua sanduku la hewa ulitazame, na upige grisi penye viungo vya magurudumu.

Kisha liko jambo moja linalosahauliwa. Sanduku za gia za mbele na za nyuma huwa za moto baada ya safari. Zikitumbukizwa ghafula katika maji baridi, hewa iliyo ndani hupungua, ikavuta nyingine kutoka nje kwa kipira chake cha kupumua. Na kama ncha ya kipira hicho imo majini, huvuta maji. Hili halizimi chombo siku ile. Hula meno ya gia kwa miezi mingi, na siku yavunjikapo hakuna akumbukaye mto. Kwa hiyo kilaze chombo usiku kucha pahali pa sawa bila kukigusa. Maji ni mazito kuliko oili, nayo yatashuka chini. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, legeza kidogo kizibo cha chini cha sanduku la gia, ukinge kwa kopo safi. Likitoka tone la oili yenye rangi yake ya kawaida, kaza kizibo uende kazini. Likitoka tone la maji, au oili nyeupe kama uji, mwaga yote utie mpya siku hiyo hiyo.